Jinsi ya Kumpanga Saluki kwa Asili na Aina ya Manyoya

Watoto wawili wa saluki, mbwa wa mbio wa Kiarabu, waliozaliwa siku moja, kwa mama mmoja na baba mmoja, wanaweza kukua wakaonekana kama mbwa wa mbegu mbili tofauti. Mmoja anakuwa na masikio yanayoning'inia manyoya marefu ya hariri na mkia wenye pindo. Mwenzake anakuwa laini mwili mzima kama swala. Hata hivyo asili yao ni moja. Hapa ndipo orodha nyingi za mbwa wa mbio wa Kiarabu zinapoharibika: anayepanga anaanza na manyoya, kisha kutoka kwenye manyoya anakisia nchi. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Hati na chipu, yaani kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, zinatangulia, linafuata umbo, kisha manyoya, na asili inaandikwa mwisho kabisa, kila dai likiwa na ushahidi wake pembeni.

Utaratibu huu unamfaa mwenye kutunza kumbukumbu za banda, daktari wa mifugo anayejaza fomu za safari, na wenzetu walioko Muscat, Dubai au Doha ambao kazi yao ni kuhudumia mbwa hawa na siku moja wakaambiwa, "Haya, jaza kadi za wote."

Majina utakayokutana nayo

Kwenye Ghuba saluki anagawanywa makundi mawili kwa manyoya. Hus, wengine hutamka hes, ni yule laini asiye na pindo. Aryash ni mwenye pindo, na jina hilo linatokana na neno la Kiarabu la unyoya wa ndege. Mashindano ya urembo wa saluki kwenye maonyesho makubwa ya uwindaji ya Abu Dhabi hupangwa kwa mgawanyo huu huu: hus madume, hus majike, aryash madume, aryash majike. Katika mwongozo huu tukisema pindo tunamaanisha manyoya marefu, laini, yanayoota masikioni, mkiani, nyuma ya miguu na kwenye mapaja, wakati mwili uliobaki una manyoya mafupi.

Utasikia pia neno hurr, yaani muungwana, mwenye damu safi. Mabedui humtenga saluki na mbwa wa kawaida, ambaye wao humwita kalbu. Saluki ni mwenzao wa kuwinda, huingizwa hemani, na windo lake linaliwa, kwa kuwa Surat al-Maida aya ya 4 inahalalisha kile kilichokamatwa na mnyama aliyefunzwa na kutajiwa jina la Mungu. Mfugaji akikwambia mbwa wake ni hurr, anazungumzia ukoo. Neno hilo halikuambii lolote kuhusu manyoya wala nchi, kwa hiyo usiliandike kwenye nafasi ya mojawapo kati ya hayo.

Majina mawili huwachanganya watu kila mara. Slugi, neno la Maghribi, ni saluki kwa matamshi ya huko, ambako qaf hutamkwa kama g. Lakini mbwa anayeandikwa Sloughi kwenye vitabu vya kimataifa ni mbegu nyingine kabisa. Tazi, neno linalotumika Iran na Afghanistan, kwa Kiajemi maana yake ni "wa Kiarabu". Nchini Iran mbwa anayeitwa tazi mara nyingi ndiye saluki. Afghanistan jina hilo hilo anapewa mbwa wa Afghani mwenye manyoya mengi. Ukiona "tazi" kwenye hati, usitafsiri kwa kukisia. Nakili neno kama lilivyo, kisha endelea na vipimo.

Vifaa

Tafuta sakafu tambarare, ya saruji au vigae, isiyoteleza. Andaa tepu laini ya fundi cherehani, rula ya sentimita 30, ubao ulionyooka wa kuweka mgongoni wakati wa kupima kimo, chanuo la chuma lenye meno ya kati, simu ya kupigia picha, na kisomaji cha chipu kinachosoma masafa ya kilohezi 134.2. Awepo mtu wa pili wa kumshika mbwa, ikiwezekana yule anayemlisha, kwa sababu saluki huwa na wasiwasi na wageni na akijikunja vipimo vyote vinapotea. Usimpime akiwa ametoka mbioni wala akiwa ameshiba. Asubuhi kabla ya chakula ndiyo saa nzuri.

Hatua ya 1: Chipu na hati

Soma chipu kabla hujamtazama mbwa sawasawa, ili macho yasikutangulie. Pitisha kisomaji polepole kutoka kisogoni hadi katikati ya mabega, halafu shuka upande wa kushoto wa shingo, kisha wa kulia, mpaka juu ya miguu ya mbele. Chipu huhama chini ya ngozi, na kwa mbwa mwembamba kama huyu inaweza kukutwa karibu na kiwiko. Usiposikia mlio, rudia mara tatu kwa kisomaji kingine kabla ya kuandika "hana chipu". Chipu za zamani za masafa ya kilohezi 125 hazisomwi na visomaji vyote.

Chipu ya kiwango cha kimataifa ina tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa namba ya nchi: 784 ni Umoja wa Falme za Kiarabu, 512 ni Oman, 682 ni Saudi Arabia, 887 ni Yemen, 834 ni Tanzania, 404 ni Kenya. Zikianzia 900 hadi 998, hiyo ni namba ya kiwanda kilichotengeneza chipu, haihusu nchi. Na hata namba ya nchi inapokuwepo, inakuonyesha chipu iliandikishwa wapi tu. Saluki aliyezaliwa Syria akawekewa chipu Abu Dhabi atasoma 784. Tumeona kadi zilizojazwa "asili: Emirati" kwa kuangalia tarakimu hizo tatu, na kosa hilo likishaingia kwenye daftari linanakiliwa kwa vizazi.

Kwenye hati tafuta mambo manne: majina ya wazazi, mahali alipozaliwa, chama kilichomwandikisha, na idadi ya vizazi vilivyoorodheshwa. Hati yenye vizazi vitatu kamili ina nguvu. Hati yenye baba na mama peke yao ni mwanzo tu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikiandikwa "saluki" hakithibitishi ukoo, kwa kuwa daktari aliandika alichoambiwa na mwenye mbwa.

Hatua ya 2: Vipimo

Msimamishe mbwa, miguu minne ikiwa wima chini ya mwili, kichwa kikitazama mbele. Kimo hupimwa kutoka sakafuni hadi pale mabega yanapokutana juu, shingo inapoishia. Laza ubao hapo, kisha pima mpaka chini ya ubao. Urefu wa mwili ni kutoka ncha ya mbele ya bega hadi ncha ya tako, kwa mstari ulionyooka. Tepu ikifuata mviringo wa mbavu utaongeza sentimita kadhaa za uongo, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Pima kila kimoja mara mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, mbwa alisogea, rudia.

Kwa saluki, kiwango cha Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, kinataja kimo cha sentimita 58 hadi 71, majike wakiwa wadogo kwa uwiano. Urefu wa mwili na kimo hukaribiana kuwa sawa, hivyo ukimtazama kwa ubavu unaona mraba.

Baada ya hapo vuta sikio taratibu kuelekea mbele kando ya uso. Ncha ya ngozi ya sikio, bila kuhesabu manyoya, ifike kwenye pembe ya mdomo. Shusha mkia ulale kwenye mguu wa nyuma: mfupa wake ufike kwenye kifundo kinachochomoza nyuma, wala usiishie kwenye paja. Pandisha kiganja mgongoni mpaka uguse vichwa viwili vya mifupa ya nyonga. Vinapaswa kuwa mbalimbali, na kwa saluki aliyekomaa vidole vitatu au vinne vilivyobanwa huingia katikati yake. Wawindaji wa jangwani hulitazama hili kabla ya sura, maana ndilo linalomruhusu mbwa kupitisha miguu ya nyuma nje ya miguu ya mbele anapofyatuka. Andika kwa sentimita, kwa vile vidole vya watu havilingani.

Mwisho fungua vidole vya mguu wa mbele. Saluki ana vidole virefu vilivyopinda vizuri, na viwili vya katikati vinawazidi wenzake kwa urefu unaoonekana wazi. Mguu wa duara kama wa paka unatia shaka.

Hatua ya 3: Hakikisha ni saluki

Usiguse suala la manyoya kabla ya kumaliza hatua hii. Wanaofanana naye ni wengi, na kila mmoja ana alama inayomfichua.

Sloughi, ambaye FCI inampa Morocco kuwa nchi yake, ana manyoya mafupi tu. Sloughi mwenye pindo hayupo. Ukiona pindo, hata kidogo mkiani, jina hilo lifute. Madume husimama sentimita 66 hadi 72, majike 61 hadi 68. Anayekusumbua ni saluki wa hus, na hapo rangi inasaidia. Sloughi ni wa rangi ya mchanga, kuanzia mpauko hadi wekundu, akiwa na barakoa nyeusi, joho jeusi mgongoni, au milia kama ya chui milia. Mabaka makubwa meupe kwake ni kasoro ya kumwondoa. Saluki ni kinyume chake: mabaka meupe, krimu na nyeusi yenye rangi ya dhahabu vinakubalika, ila milia ndiyo isiyopendwa.

Azawakh ni mbwa wa ukanda wa Sahel, Mali na jirani zake, na si Mwarabu hata kidogo ingawa wafanyabiashara humchanganya. Dalili yake unaiona ukiwa hatua kumi: yeye ni mrefu kwenda juu kuliko kwenda nyuma. Kwa kila sehemu 10 za kimo, urefu wa mwili ni kama sehemu 9. Gawanya vipimo vyako vya hatua ya 2; ukipata 0.90 kwa mbwa mwenye manyoya mafupi na ngozi nyembamba iliyobana mifupa, rudi nyuma ufikirie upya.

Mbwa wa Afghani ana manyoya marefu mwilini, si kwenye pindo peke yake, na mkia wake unaishia na pete. Watoto na waliokatwa manyoya ndio wanaopotosha, kwa hiyo tazama pete hiyo.

Mchanganyiko wa saluki na grehaundi, mbwa wa mbio wa Ulaya, unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo unaokutwa sana kwenye Ghuba, ambako hufugwa kwa ajili ya kasi ya mbio fupi. Grehaundi ana manyoya mafupi, na manyoya mafupi yana nguvu juu ya marefu katika urithi. Ukimpandisha grehaundi kwa saluki wa aryash, watoto wote watatoka laini. Kwa maneno mengine, damu ya nje hujificha ndani ya koti la hus. Tafuta ishara tatu kwa pamoja. Masikio madogo yanayojikunja kwenda nyuma badala ya kuning'inia kando ya mashavu, ambayo ncha zake hazifiki kwenye pembe ya mdomo. Mapaja mazito, yenye nyama iliyotuna, pale ambapo saluki ana misuli mirefu bapa. Na mgongo uliopinda kama upinde kiunoni. Ishara moja peke yake haitoshi kumhukumu. Mbwa mwenye mazoezi makali hutuna mapaja. Zikija tatu, andika "saluki na mchanganyiko" na usimpe jina la mkoa wowote.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, koko wetu wengi ni wembamba, wana kifua kirefu na manyoya mafupi, na mnunuzi mwenye hamu huona saluki. Mpime sikio na mkia. Koko mwenye masikio yaliyosimama au nusu kusimama, na mkia uliokunjwa juu ya mgongo, amejitambulisha mwenyewe, na hana sababu ya kudharauliwa kwa hilo.

Hatua ya 4: Manyoya

Sasa chukua chanuo. Kosa la wengi ni kutazama mbwa mzima na kusema "ana manyoya" au "hana". Saluki wa aryash wa jangwani anaweza kuwa na pindo dogo mno, nyuzi chache masikioni na mstari mwembamba chini ya mkia, na bado ni aryash halisi. Kagua sehemu nne, kwa mpangilio huu, na kila moja upime kwa rula.

Sikio. Lishike kwa vidole viwili, chana manyoya kuelekea chini, kisha weka rula kwenye ukingo wa ngozi. Kwa hus, manyoya ya ukingoni yana urefu ule ule wa manyoya ya mgongoni. Kwa aryash yanapita ukingo na kuning'inia, na mara nyingi yana mawimbi kidogo sehemu ya juu. Hii ndiyo sehemu inayoaminika kuliko zote, kwa sababu ndiyo hubaki hata pindo la sehemu nyingine likipungua.

Mkia. Unyanyue, upulize kwa mdomo upande wa chini. Pindo litatengana na kusimama kama shada. Hus anaweza kuwa na manyoya marefu kidogo chini ya mkia, lakini ni magumu, yamelala, na hayatengani ukipuliza.

Nyuma ya miguu na mapaja. Chana kutoka chini kwenda juu, kisha acha yaanguke. Hapa ndipo miiba na msuguano wa mchanga hula pindo, kwa hiyo kukosekana kwake si hoja.

Katikati ya vidole. Aryash huwa na manyoya yanayochungulia kati ya vidole, hata chini ya kanyagio.

Kanuni tunayofuata ni hii: pindo la kweli sikioni pamoja na sehemu nyingine moja, mwandike aryash. Sehemu zote nne laini, kwa mbwa mzima wa afya, mwandike hus. Sikio laini lakini mkia una pindo, au kinyume chake, andika "haijaamuliwa" na uweke tarehe ya kumrudia. Usimlazimishe mbwa aingie kwenye kundi ili tu nafasi isibaki wazi.

Yapo mambo yanayodanganya macho, na inafaa kuyauliza kabla ya kuandika.

Umri. Mtoto wa wiki chache ana manyoya ya utoto, pengine yenye sufi mapajani na mabegani, ambayo si pindo. Ukingo wa sikio huanza kueleweka akiwa na miezi miwili mitatu, lakini pindo kamili huchukua miaka miwili au mitatu kujaa.

Uzazi. Jike aliyenyonyesha hupoteza manyoya mengi baada ya watoto kuachishwa, na anaweza kubaki na nyuzi chache tu kwa miezi kadhaa. Muulize mwenye mbwa alizaa lini.

Kuhasiwa. Baada ya kuondolewa viungo vya uzazi, baadhi yao hubadilika manyoya yakawa mengi na ya sufi. Pindo la mbwa wa namna hii lisitumike kumlinganisha na wengine wa ukoo wake.

Maradhi. Upele, utapiamlo na kasoro ya tezi ya shingo hunyoa pindo. Manyoya yakikosekana pande zote mbili sawasawa na ngozi ikawa nyeusi au kavu, mwone daktari wa mifugo kabla ya kujaza kadi.

Mkasi. Wawindaji hukata pindo ili lisinase miiba. Tazama ncha za manyoya kwa karibu: yaliyokatwa yana ncha butu, yaliyoota yenyewe huchongoka.

Masikio yaliyokatwa. Katika baadhi ya sehemu za Wakurdi ncha za masikio hukatwa, na hapo ukaguzi wa sikio haupo tena. Tegemea mkia na vidole.

Hatua ya 5: Linganisha na wazazi

Aina ya manyoya hurithiwa kwa njia rahisi kuliko mambo mengi ya mbwa. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni husika, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya manyoya mafupi ina nguvu. Ya manyoya marefu hujificha mpaka ikutane na mwenzake. Kwa hiyo aryash ana nakala mbili ndefu, wakati hus ana mbili fupi, au moja fupi na moja ndefu iliyojificha.

Matokeo yake ni haya. Aryash kwa aryash huzaa aryash watupu. Hus mwenye nakala mbili fupi, kwa mwenza yeyote, huzaa hus watupu. Hus mwenye nakala iliyojificha kwa aryash: nusu kwa nusu, kwa wastani. Hus wawili wenye nakala zilizojificha: robo ya watoto wao, kwa wastani, watakuwa aryash. Neno "wastani" lina uzito hapa. Uzao wa watoto sita unaweza kutoa aryash watatu au usitoe hata mmoja, na hakuna kilichoharibika.

Faida ya hesabu hii ni kwenye kukagua kadi za zamani. Ukikuta hati inasema wazazi wote wawili ni aryash na mtoto mmoja ni hus, simama. Ama mzazi mmoja aliandikwa vibaya, ama mtoto bado ni mdogo na pindo halijatoka, ama baba siye. Jike anaweza kupandwa na madume wawili katika joto moja na kuzaa watoto wa baba tofauti mimba moja, hivyo ndugu zake kuwa sawa hakumsafishi yeye. Hapo kinachohitajika ni kipimo cha DNA cha uzazi, si mabishano.

Maabara hupima pia jeni hii yenyewe, iitwayo FGF5, kwa kufuta ndani ya shavu kwa pamba maalumu. Mbwa asile wala kunyonya kwa saa moja kabla, na watoto watenganishwe na mama, la sivyo mate ya mmoja yatasomwa kwa jina la mwingine. Kausha pamba kwenye hewa kabla ya kuitia kwenye bahasha ya karatasi. Ukiifunga mbichi kwenye plastiki, joto letu litaiotesha ukungu.

Hatua ya 6: Rangi

Iandike, lakini isikupangie chochote. Kiwango cha saluki kinakubali karibu rangi zote. Jihadhari na hina: mabedui huwapaka saluki hina miguuni na mkiani kama dawa na pambo, na mbwa mweupe akawa na miguu ya rangi ya chungwa ambayo haikuzaliwa naye. Sisi wa pwani tunajua inavyofifia. Tenganisha manyoya na utazame mashina, ambako rangi yake halisi imeanza kuota. Makovu ya chuma cha moto nayo huota manyoya meupe, au yasiote kabisa. Hayo yaandikwe kama alama za utambulisho.

Hatua ya 7: Asili

Neno "asili" lina maana tatu, na kadi nzuri inazipa nafasi tatu.

Ya kwanza ni asili ya mbegu. Kwa saluki FCI haitaji nchi. Inataja Mashariki ya Kati yote, chini ya kiwango namba 269. Nafasi hii ni sawa kwa kila saluki, uijaze mara moja uendelee. Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa anayependa mipangilio: saluki yumo Kundi la 10, kifungu cha mbwa wa mbio wenye manyoya marefu au pindo, na hus naye yumo humo humo ingawa hana pindo. Wenye kanuni waliona kwamba ni mbegu moja, wakaifuata damu.

Ya pili ni mahali alipozaliwa. Mji na nchi, kwa ushahidi wa hati au wa mfugaji aliyeshuhudia.

Ya tatu ni asili ya ukoo, na hapa ndipo majina shami, najdi, yamani na omani yanapoingia: Syria na jirani zake, nyanda za katikati ya Arabia, Yemen, na Oman. Maelezo ya mwanzoni mwa karne ya 20, yaliyoenea Uingereza baada ya mfugaji Mwingereza Florence Amherst kuingiza saluki kutoka Mashariki ya Kati mwaka 1895, yalimtaja shami kuwa mwenye pindo jingi, na wa kusini kuwa wadogo wenye manyoya machache. Yana ukweli kama mwelekeo wa jumla. Hayafai kuwa kipimo cha mbwa mmoja. Mabedui walihama na mifugo yao mamia ya kilomita. Saluki mzuri alitolewa zawadi kutoka kabila moja hadi jingine. Na mwenye jike hodari alimtafutia dume mwenye kasi popote alipo. Ukiongeza urithi wa hatua ya 5, hus anaweza kuzaliwa Damascus, Syria, na aryash akazaliwa Nizwa, Oman, bila ajabu yoyote.

Kwa hiyo jina la mkoa liandikwe pale tu wazazi na mababu wa pande zote mbili wanapojulikana walikotoka. Upande mmoja ukijulikana, andika "najdi kwa mama". Hakuna unaojulikana, acha wazi, hata muuzaji akikasirika. Na atakasirika, kwa maana jina la mkoa hupandisha bei.

Hatua ya 8: Kadi

Kila dai lipewe herufi ya ushahidi. A ni hati ya vizazi vitatu au DNA. B ni ushuhuda wa mfugaji pamoja na hati ya wazazi. C ni vipimo na macho yako peke yake. Kadi iliyojazwa inasomeka hivi:

Jike, miaka 4. Chipu tarakimu 15, inaanza 900. Kimo sm 61, urefu sm 61. Sikio linafika pembe ya mdomo. Nyonga sm 7. Mbegu: saluki (B). Manyoya: aryash (C), sikio sm 5, mkia sm 6, mapaja hakuna, vidole yapo. Amezaa miezi mitatu iliyopita. Rangi: krimu, miguu ina hina. Amezaliwa: Al Ain (B). Ukoo: baba hajulikani alikotoka, mama, najdi (B).

Tazama mapaja: hakuna pindo, na sababu inayowezekana imeandikwa mstari huo huo. Atakayemkagua mwakani hatadhani mwenzake alikosea.

Ambatisha picha nne: ubavu wa kushoto mbwa akiwa amesimama, kichwa kwa mbele, sikio lililochanwa likiwa na rula, na mkia ulionyanyuliwa. Picha ipigwe simu ikiwa usawa wa kifua cha mbwa. Ukipiga ukiwa umesimama, miguu inafupika na mraba wa mwili unapotea. Mbwa aliye chini ya miaka miwili, jike aliyetoka kunyonyesha, na yeyote aliyeandikwa "haijaamuliwa", wapewe tarehe ya kukaguliwa upya baada ya miezi sita, na kadi ya kwanza isitupwe, ibanwe nyuma ya ile mpya.